Kwa nini kuku anayejilisha ni ghali kuliko anayelishwa

Kuku wa kisasa hununuliwa akiwa kifaranga, akanunuliwa chakula, dawa, maranda na mkaa wa kumpa joto, na bado kuna kijana anayelipwa kumwangalia. Kuku wa kienyeji huamka alfajiri akajitafutia mwenyewe: mchwa, majani, punje zilizomwagika kinuni, ukoko uliokwanguliwa sufuriani. Wakifika sokoni Dar es Salaam, yule aliyegharamiwa kila kitu anauzwa Sh8,000, na yule aliyejilisha anauzwa Sh25,000. Kwa uzito pengo ni kubwa zaidi. Wa kisasa wa kilo 2 ni Sh4,000 kwa kilo. Wa kienyeji wa kilo moja na nusu anakaribia Sh17,000.

Wengi watajibu kwamba ni ladha. Ladha inaeleza kwa nini mnunuzi yuko tayari kutoa fedha hiyo. Haielezi kwa nini mfugaji wa kijijini, anayeona bei hiyo na ambaye hanunui chakula, hafugi kuku elfu moja akatajirika. Jibu la swali hilo limo katika vifo vya vifaranga, ukubwa wa uwanja na urefu wa barabara, na vyote vitatu vinahesabika.

Bei zote humu ni za mfano, zimewekwa karibu na za masoko ya Tanzania. Msomaji wa Mwanza au Mombasa anaweza kuweka za kwake akafuata hesabu ileile.

Jike mmoja, mwaka mmoja

Jike wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huacha kutaga na kuatamia kwa siku 21. Vifaranga wakitoka, huwalea wiki 8 hadi 12 kabla ya kurudi kutaga. Mzunguko mzima huchukua karibu miezi minne, kwa hiyo mwaka una mizunguko mitatu na mayai yasiyozidi 45. Kuku wa kisasa wa mayai, asiyeatamia kabisa, hutaga zaidi ya 280 kwa mwaka.

Tuseme jike wetu ametaga mayai 14. Mawili yameingia jikoni, 12 ameyaatamia, na kwa uanguaji wa kama asilimia 80 wametoka vifaranga 10. Mizunguko mitatu inampa vifaranga 30 kwa mwaka. Kwa jike mmoja asiyenunuliwa chakula, hapo hakuna mtu wa kulalamika.

Kilio kinaanza wiki ya kwanza. Mwewe na kunguru mchana, kicheche na paka usiku, baridi ya mvua, ndui, minyoo. Katika ufugaji wa kuachia bila uangalizi, kupoteza nusu ya vifaranga kabla hawajatimiza wiki nane ni jambo la kawaida, kwa hiyo 30 wanabaki 15. Kutoka hapo hadi miezi saba, umri wa kufikia kilo moja na nusu, tuwaondoe wengine watano kwa magonjwa na wizi. Wanabaki 10.

Kwa kila kuku anayefikia umri wa kuuzwa, wawili wamekufa njiani. Mnunuzi wa mjini hawaoni, lakini yai lao lilitagwa, mama yao aliwaatamia siku 21, na wengine walishafugwa miezi minne. Bei ya aliyesalia inabeba muda wote huo.

Sh400 kwa mwaka

Muuaji mkubwa kuliko wote ni mdondo, ambao wengi huuita kideri. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuondoka na kuku tisa kati ya kumi ndani ya siku chache, na hauna tiba. Kinga yake ipo. Chanjo ya I-2, ambayo mbegu yake iliandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Hutolewa kwa tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Tuweke Sh100 kwa kuku kwa kila mara, chanjo pamoja na posho ya mchanjaji. Kwa mwaka ni Sh400. Kijijini kuku huyo anauzwa Sh12,000. Kuku mmoja akiponea mdondo amelipia chanjo ya kuku 30 kwa mwaka mzima. Vitega uchumi vyenye uwiano wa namna hii ni vichache sana.

Kwa nini basi kuku wengi hawachanjwi? Shida kubwa ni ukubwa wa chupa. Chanjo huuzwa kwa dozi nyingi, na ikishachanganywa haikai. Inatakiwa itumike upesi. Tuchukue chupa ya dozi 200. Kaya ya kawaida ina kuku kati ya 10 na 20. Mama mwenye kuku 18 akinunua chupa nzima atatumia dozi 18 na kumwaga 182. Akitaka kulipa Sh100 yake tu, inabidi kaya kama 11 zikubaliane siku moja, asubuhi kabla kuku hawajatoka bandani, na mtu wa kuwachanja awepo. Miezi mitatu ikipita, wakubaliane tena. Kinachopungua kijijini, kuliko hata fedha, ni kalenda na mchanjaji anayejulikana kwa jina. Palipo na vitu hivyo viwili chanjo hufanyika.

Tuongeze la pili: kuwatenganisha vifaranga na hatari kwa wiki nne za mwanzo, wakae ndani ya tenga au kibanda kidogo, wapewe chakula chao. Kifaranga wa kienyeji atakula kama gramu 600 kwa mwezi huo. Kwa Sh1,500 kilo, ni Sh900. Kwa vifaranga 30 ni Sh27,000, na chanjo yao ikijumlishwa tunafika karibu Sh35,000 kwa jike kwa mwaka. Vifo vya utotoni vikishuka kutoka nusu hadi moja ya tano, vifaranga 30 wanabaki 24, na wa kufikia miezi saba wanaweza kuwa 20. Jike ni yuleyule na mayai ni yaleyale, lakini kuku wamekuwa mara mbili.

Na mauzo hupanda zaidi ya mara mbili. Kaya yenye majike wawili hupata kuku 20 wakubwa kwa hali ya zamani. Wawili wanabaki kuziba nafasi za mama zao, nane wanaliwa na wageni, sikukuu na mgonjwa wa nyumbani, kumi wanauzwa kwa Sh120,000. Vifo vikipungua, wakubwa wanakuwa 40. Mahitaji ya nyumbani hayajabadilika, ni wawili na wanane, kwa hiyo wanaouzwa ni 30 na fedha ni Sh360,000. Uzalishaji umeongezeka maradufu, mauzo yameongezeka mara tatu. Gharama mpya ni Sh70,000 kwa majike wote wawili.

Kilo 12 ambazo hakuna aliyezinunua

Hapo ndipo mtu mwenye hamasa anapoamua kujenga banda la kuku 500 wa kienyeji. Na hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Kuku anayekua polepole hadi kilo moja na nusu kwa wiki 28, akila wastani wa gramu 60 kwa siku, amekula karibu kilo 12. Ukizinunua zote kwa Sh1,500 kilo, ni Sh18,000, kabla hujahesabu kifaranga, chanjo na maji. Bei ya kijijini ni Sh12,000. Kwa maneno mengine, kuku wa kienyeji anayelishwa kwa mfuko toka siku ya kwanza hadi ya mwisho anamtia mfugaji hasara kwa bei hiyo.

Tulinganishe na wenzake, kwa bei ileile ya chakula:

- Wa kisasa wa nyama: wiki 6, kilo 2, chakula kilo 3.4, gharama ya chakula Sh5,100.
- Chotara, wa katikati yao tutakayemrudia: wiki 13 hivi, kilo 2, chakula kilo 6.5, gharama Sh9,750.
- Kienyeji: wiki 28, kilo 1.5, chakula kilo 12, gharama Sh18,000.

Kupata kilo moja ya uzito hai, wa kisasa anahitaji kilo 1.7 za chakula na wa kienyeji kilo 8. Kienyeji hana kasoro. Hakuzaliwa kwa ajili ya mfuko. Aliumbwa kwa mazingira ambamo chakula ni kidogo, kimetawanyika na hakina bei: mchwa na panzi, mbegu za magugu, pumba zilizopeperuka. Uani ndiko anakopata faida yake, kwa sababu uwanja ndio unaolipa zile Sh18,000.

Lakini uwanja una kikomo. Kinachomwagwa na jiko moja na kinu kimoja kinatosha kuku 18, kinaweza kunyooshwa kikafika 30, hakiwezi kulisha 300. Ndiyo maana hata ile kaya ya majike wawili, ikishapunguza vifo, itabidi iongeze kitu: tuseme kilo mbili za pumba na nafaka kwa kila kuku anayekua, kwa Sh700 kilo. Kwa kuku 40 ni Sh56,000. Toa hizo na zile Sh70,000 kwenye Sh360,000, zinabaki Sh234,000, bado karibu mara mbili ya Sh120,000 za awali. Faida ipo, ila ipo ndani ya mipaka ya uwanja, na ukiivuka mipaka hiyo unalipia kwa mfuko kile ulichokuwa unapewa bure.

Barabarani

Kati ya Sh12,000 za kijijini na Sh25,000 za mjini kuna Sh13,000, na wengi huziona kama ulafi wa dalali. Tumfuate mchuuzi anayetoka Singida, mkoa uliojijengea jina kwa kuku, hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 700.

Amekusanya kuku 200 kwa Sh2,400,000, wawili hapa, watano pale, na wengine mnadani. Nauli ya gari, matenga, kibali cha kusafirisha mifugo, ushuru na wapakiaji tuviweke Sh2,000 kwa kila kuku: Sh400,000. Jumla ametoa Sh2,800,000. Mjini anawauzia wenye meza za sokoni kwa Sh18,000.

Wakifa 10 njiani, anauza 190 na kubaki na Sh620,000. Wakifa 20, zinabaki Sh440,000. Wakifa 40, anaondoka na Sh80,000 baada ya wiki nzima ya kuzunguka vijijini. Kazi yake ni kubeba hatari ya vifo, kama ilivyo ya mfugaji, na kila tenga lililojazwa kupita kiasi linamkaribisha kwenye hasara. Sh7,000 zinazobaki hadi kufikia 25,000 ni za mwenye meza sokoni: pango, chakula cha kuku wasiouzika siku hiyo, kuchinja, kunyonyoa, na wale wanaomfia mkononi.

Kuna mzunguko mbaya ndani yake. Mfugaji akiona kuku wawili wamesinzia na kunya kijani, anajua nini kinakuja, na huwauza waliobaki upesi kwa bei yoyote. Mchuuzi anafurahia bei, tenga linapokea ugonjwa, na mdondo unasafiri kwa gari hadi mnada unaofuata. Chanjo ya Sh100 kijijini ni bima ya mchuuzi pia, ingawa yeye hachangii hata senti.

Kibanda kimoja, kaya 730

Sasa tuangalie ukubwa wa soko. Kibanda cha chipsi kuku chenye wateja wengi kinaweza kumaliza kuku 20 kwa siku. Kwa mwaka ni 7,300.

Kaya yetu ya majike wawili, kwa hali ya zamani, huuza kuku 10 kwa mwaka. Ili kulisha kibanda kile kimoja zinahitajika kaya 730. Vifo vikipungua na kila kaya ikauza 30, zinatosha kaya 244. Kwa kuku wa kisasa linahitajika banda moja la kuku 1,300, lenye mikupuo sita kwa mwaka na vifo vya asilimia 5. Tena kuku wake wote wana ukubwa sawa, na mkaanga chipsi anajua robo moja itakuwa na uzito gani. Kienyeji hawalingani: huyu kilo moja, yule kilo mbili, na wote wanahitaji kuchemshwa kwanza.

Ndiyo maana takwimu za idadi ya kuku zinapotosha zikisomwa haraka. Sensa ya Kilimo ya 2019/20 ilihesabu Tanzania kuwa na kuku milioni 87.7, na kwa Sensa ya Watu ya 2022 tulikuwa watu 61,741,120; ni kama kuku mmoja na nusu kwa kila mtu. Hotuba za bajeti za wizara ya mifugo zimekuwa zikiligawa kundi hilo karibu nusu kwa nusu, kati ya kuku wa asili na wa kisasa. Kenya, sensa ya 2019 ilipata kienyeji milioni 30 hivi, zaidi ya robo tatu ya kuku wote nchini humo.

Ila sensa hupiga picha ya siku moja. Kuku wa nyama 1,000 walioonekana siku hiyo watafuatwa na wengine mara tano kabla mwaka haujaisha: karibu tani 11 za uzito hai. Kienyeji 1,000, ukihesabu kwamba kila jike ana wastani wa kuku tisa wa rika zote uani, ni majike 110 na kuku wakubwa 1,100 kwa mwaka: tani 1.65. Idadi ni sawa siku ya kuhesabu, nyama inatofautiana mara saba. Anayepanga chakula cha mji kwa kuangalia idadi ya vichwa tu atapanga vibaya.

Anachosema mnunuzi na anachonunua

Muulize mtu wa mjini anapenda kuku gani, atakwambia kienyeji. Muulize alinunua kuku gani mara ya mwisho, kwa ajili ya nani na kwa bei gani, utapata jibu lingine.

Tuchukue familia inayonunua kuku wa kisasa watatu kila mwezi na wa kienyeji wanne kwa mwaka: sikukuu mbili, ugeni wa wakwe, na supu ya mama aliyejifungua. Wa kisasa ni 36 kwa Sh288,000. Wa kienyeji ni wanne kwa Sh100,000. Kwa idadi, kienyeji ni mmoja kati ya kumi. Kwa fedha, ni zaidi ya shilingi moja kati ya kila nne. Mtafiti anayeuliza upendeleo tu ataona soko kubwa. Anayehesabu vichwa ataona soko dogo. Wote wawili wamekosea. Kienyeji ni kuku wa heshima, hununuliwa kwa nadra na kwa bei kubwa, na bei yake ikishuka hadi kuwa ya kila siku, sehemu ya heshima hiyo itashuka nayo.

Sababu wanazotoa wanunuzi hazina uzito sawa. Ladha na ugumu wa nyama ni kweli: kuku wa miezi saba aliyezunguka kutwa ana misuli iliyokomaa, na mchuzi wake unaonyesha. Madai kwamba wa kisasa hukuzwa kwa homoni hayana msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichukua mbegu ya kuku wa nyama ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, wakazilisha chakula kilekile. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuwa haya: katika siku ya 56 wa kwanza alikuwa na gramu 905, wa pili gramu 1,808, wa tatu gramu 4,202. Chakula kilikuwa kimoja, kwa hiyo tofauti ilitokana na mbegu. Hofu inayostahili kubaki ni ya viuavijasumu: kuku akitibiwa, kuna siku za kusubiri kabla ya kuchinjwa, na mwenye banda aliyebanwa na mkopo anaweza asizisubiri. Lakini hata kienyeji huwekewa dawa kwenye maji anapougua, na uani kwa kawaida hakuna daftari la tarehe.

Wa katikati

Kati ya kuku hawa wawili ameingia chotara. Mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ILRI kuanzia katikati ya miaka ya 2010, ulijaribu mbegu za kuku wa aina hiyo Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Kwetu zilikuwemo Sasso yenye asili ya Ufaransa na Kuroiler ya India. Chotara anatembea uani, ana rangi rangi kama kienyeji, anafika kilo 2 kwa nusu ya muda. Upungufu wake ni kwamba haatamii vizuri, hivyo kila mkupuo mfugaji anarudi kununua vifaranga.

Chakula chake ni Sh9,750, kifaranga Sh2,000, chanjo na mengine Sh750: jumla Sh12,500. Akiuzwa kwa jina lake kwa Sh16,000, mfugaji ana faida ya Sh3,500. Akiuzwa kwa jina la kienyeji kwa Sh20,000, faida ni Sh7,500, zaidi ya maradufu. Kishawishi cha kumbadilisha jina kina ukubwa huo hasa, na hakitaondoka kwa kuhubiri uaminifu. Kitapungua chotara atakapokuwa na bei yake inayojulikana na meza yake sokoni, na mnunuzi akajua kwamba kwa Sh16,000 anapata nyama nyingi kuliko kienyeji, na ngumu kiasi kuliko ya kisasa.

Mahitaji ya kila siku ya miji, chipsi, shule na hospitali, yatabebwa na banda la kisasa na chotara. Kaya 730 kwa kibanda kimoja ni hesabu isiyojadilika. Kienyeji atabaki kwenye nyua ndogo nyingi, na huko njia ya kuongeza kuku ni kupunguza wanaokufa kabla ya kuongeza wanaofugwa. Halmashauri inayotaka kuwasaidia wafugaji hao haihitaji kuanza na mabanda ya mfano. Ianze na mchanjaji mmoja kwa kila kijiji na siku nne za chanjo za mwaka zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kijiji cha kaya 300 zenye kuku 18 kila moja kina kuku 5,400. Kwa Sh400 kila mmoja, mwaka mzima ni Sh2,160,000, thamani ya kuku 180 kwa bei ya kijijini. Mdondo ukipita mara moja bila chanjo, huchukua zaidi ya hao kabla ya wiki kuisha.